Kwangu Analia, Kwake Anakoroma

Nimeona wanawake wakigombea mwanamume. Wifi yangu ndiye wa kwanza niliyemwona akigombea mkono mmoja tu wa mwanamume, tena ule ulioharibika. Mwanamume mwenyewe ni mdogo wangu, mume wake wa ndoa, na hakuna aliyekuja kumwiba. Lakini mwenye wivu hata umwoneshe mchana kweupe atakuambia ni giza, na atakukasirikia kwa kumwashia taa.

Nianze na mikono ya wifi, maana bila hiyo hakuna habari. Wifi anafanya kazi katika kliniki ya viungo, lile jengo la ghorofa moja lenye ngazi za nje na mteremko wa saruji wa kupandishia viti vya magurudumu. Kazi yake ni kukanda. Wenye mgongo, wenye goti, waliovunjika wakaungwa vibaya, wote hupita kwake. Viganja vyake ni vipana na vina joto hata asubuhi za baridi, ndiyo maana wagonjwa walimbandika jina la Mama Viganja, na yeye akalipenda. Ukimpa mkono kumsalimia, hakuachii upesi. Kidole gumba chake kinatembea kwenye kifundo chako, kisha anakuambia, "Wewe unalalia upande wa kushoto. Acha." Msibani amefanya hivyo, harusini amefanya hivyo. Siku aliyoletwa nyumbani kama mchumba alinishika bega akasema nina mafundo. Nikamjibu kwamba mafundo hayo nimeyapata kwa kumbeba huyo mchumba wake mgongoni, maana mama yetu alifariki mtoto hajaanza kutembea, na aliyemlea ni mimi. Tangu siku hiyo tunaheshimiana kwa mbali, chini ya paa moja.

Walikutana kwa bega. Mdogo wangu ni fundi cherehani, mshonaji wa suti, na mafundi wa aina hiyo huinama mpaka shingo ikasahau kunyooka. Alikwenda kliniki bega limeganda, akarudi bega limelegea na akili nayo imelegea. Ikawa kila wiki ana maumivu mapya. Nikamwambia, "Hilo si bega, mdogo wangu. Posa upone." Akaposa.

Miaka ikapita, kisha kiharusi kikamkuta dukani, mkasi mkononi. Mguu wa kulia ulirudi polepole. Maneno yalirudi yakiwa mazito kidogo. Mkono wa kulia ulijikunja ukawa ngumi, ukakataa katakata, na kwa fundi mkono wa kulia ndio duka lenyewe. Cherehani ikafunikwa shuka. Nyumba nzima ikawa inakula kwa mikono ya wifi. Naye akaapa mbele yangu, mwiko mkononi: "Mkono huu nitaufungua mimi. Wamefunguka kwangu watu baki, atashindikana mume wangu?"

Basi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi, alimkalisha kwenye kiti cha sebuleni, akauweka mkono ule mapajani mwake juu ya taulo, akaukanda. Alianza begani, akashuka kwenye kiwiko, akaishia kwenye vidole, kimoja kimoja, akivibembeleza na kuvinyoosha. Mdogo wangu aliuma kola ya shati, machozi yakamtoka. Katika elimu ya wifi maumivu ni habari njema, kwa kuwa panapouma pana uhai.

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ndoa yao. Usiku bega lilimwaka moto, akakaa kitandani anatazama ukuta. Hakumwambia mkewe aache, kwani kila mwenye macho aliona mke yule anavyojitolea. Alikonda yeye kuliko mgonjwa.

Kisha akaja yule mama wa sindano.

Daktari mkuu wa kliniki ndiye aliyemwajiri, kwa ajili ya ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini wanayoiita akupancha. Vyumba vilikuwa vichache, kwa hiyo akapewa nusu ya chumba cha wifi, pazia la kijani likawekwa katikati. Upande huu mafuta, taulo na kitanda cha kukandia. Upande ule trei ya chuma, pamba, spiriti na vipakiti vya sindano zenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na viatu visivyo na kelele. Wifi alimpa jina siku hiyohiyo: Mama Pini.

"Mtu gani anatembea kama paka?" aliniuliza jioni. "Anakuja humsikii, anaondoka humsikii. Mtu mwema hupiga hatua."

Daktari mkuu akashauri mdogo wangu ajaribiwe sindano, kwa vile bega lilikuwa linamnyima usingizi. Wifi angefanyaje? Akatae mbele za watu aitwe mchoyo? Akakubali, meno yameumana.

Mimi ndiye niliyempeleka, kwa sababu nimestaafu upishi wa shule na sina pa kukimbilia. Nilikaa kwenye stuli karibu na kitanda. Mama Pini alimlaza chali, akampangusa spiriti mkononi na mguuni, na alipofungua kipakiti mimi nikafumba macho nikingoja yowe. Nikasikia mdogo wangu anacheka.

"Dada, sindano gani hii? Hata kifungo haishoni."

Mama Pini akaizungusha kidogo ile iliyokuwa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Unasikia nini?"

"Uzito. Kama mkono umelowa maji."

"Ndiyo ninachokitafuta," akasema, akazima taa ya juu, akatoka.

Punde uso wa mdogo wangu ukalegea. Tumbo likanguruma. Halafu akaanza kukoroma, yeye ambaye tangu augue hajawahi kulala usingizi wa maana. Alikoroma kama marehemu baba yetu, bila aibu. Upande wa pili wa pazia wifi alikuwa na mgonjwa wa goti, na nikasikia viganja vyake vimesimama. "Mama, kuna nini?" mgonjwa wa goti akauliza.

Jioni ile wifi hakula. Alinifuata jikoni, akaegemea kabati, akanitazama mpaka nikaacha kuosha vyombo.

"Wifi, umeona? Kwangu analia, kwake anakoroma."

Nilitaka kucheka. Nilipomwangalia usoni nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Mdomo wa mdogo wangu ndio uliozidisha mambo. Kila akitoka kwenye sindano alirudi na masimulizi, naye ni mtu wa sindano tangu ujana, kwa hiyo habari zilimkolea. "Mama Pini anasema sindano ikiamsha mshipa wa fahamu, habari inapanda na mkono, inaingia kwenye uti wa mgongo, inafika kwenye ubongo. Na ubongo una dawa yake ya maumivu, unaitengeneza wenyewe! Basi unaimwaga. Moyo unapunguza mwendo, tumbo linaanza kazi, ndiyo maana linanguruma."

"Anasema," wifi alijibu.

"Anasema kuna watu walipigwa picha za ubongo huku wamechomwa, zikaonesha zile sehemu za maumivu zimetulia."

"Anasema."

"Lakini kwa mkono uliopooza, anasema wataalamu hawajakubaliana. Wengine wamepima wakaona unafuu, wengine hawakuona kitu. Hajaniahidi."

Hilo la mwisho ndilo lililomkera wifi kupita yote. Mwongo angemweza, angemsubiri tu ajikwae. Mtu anayekuambia sijui utamshika wapi?

Akahamia kwenye maswali ya pembeni. Anakushika wapi? Mguu wa nini, wakati ugonjwa uko mkononi? Anavaa glavu au hana? Mdogo wangu akamjibu kwa unyoofu kwamba mama yule hamshiki kabisa, anachoma na kwenda zake.

"Si ndiyo hapo sasa!" wifi akaruka. "Mimi nakukanda mpaka kiuno kinanikatika. Yeye anachoma, anakwenda kunywa chai, wewe unapona!"

Nilimwelewa, ingawa sikumwambia. Mwanamke akikushinda kwa sura, kuna poda. Akikushinda kwa mapishi, utajifunza. Huyu alimshinda kwa kuondoka chumbani.

Kidole gumba kilifunguka Jumapili, mezani, mimi nikimenya viazi. Mdogo wangu aliweka ngumi yake juu ya meza kama kawaida, na kidole gumba kikajitenga na wenzake, kikasimama. Tulikitazama wote watatu bila kupumua. Akakirudisha. Akakitoa tena. Wifi akapiga kigelegele, akakibusu kidole kile, akalia kwa sauti. Laiti mdogo wangu angenyamaza hapo.

"Zile sindano kiboko!" akasema.

Wifi akakiachia kidole. Akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mdogo wangu akamfuata mlangoni akichechemea, akaita, "Na wewe pia, mke wangu, si unajua!"

Wifi alirudi na kikapu cha nguo mbichi, akanipita, akasema kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Umesikia, wifi? Mimi sasa nimekuwa 'na wewe pia'."

Baada ya hapo akaja na dai jipya. Kuchoma achome Mama Pini, haya. Kutoa sindano atatoa yeye, ili mume wake akifumbua macho amwone nani? Mkewe. Mama Pini alikataa kwa upole. Utaratibu wa kliniki ni kwamba aliyechoma ndiye anayetoa, na kabla mgonjwa hajashuka kitandani anakaguliwa mwili mzima, tangu utosini hadi nyayoni, isije ikabaki moja. Wifi akanuna wiki nzima. Akinuna yeye hata birika linachelewa kuchemka.

Siku moja sindano zikiwa zimeshachomwa, mzee mmoja akaanguka kwenye zile ngazi za nje, Mama Pini akaitwa mbio. "Narudi sasa hivi," akaniambia. "Asiguse mtu." Hakufika mwisho wa korido, pazia likafunguliwa.

"Wifi, amesema asiguse mtu."

"Mtu ni nani hapa? Mimi ni mke."

Akatoa sindano zote za mkono. Akatoa za mguu. Alizitoa kwa ustadi, na kila moja aliitupa kwenye kile kidebe cha njano cha vitu vyenye ncha. Kisha akampapasa mumewe shavuni, macho yakafumbuka, yakamwona yeye. Sijui kama siku ya harusi alitabasamu vile. Mama Pini aliporudi, akihema, mgonjwa alikuwa ameshavaa viatu.

"Umetoa zote?"

"Zote."

"Na ile ya..."

"Nimesema zote! Unataka kunifundisha mwili wa mume wangu?"

Mama Pini akataka kuongeza neno, wakamwita tena kwa makelele kule ngazini, akageuka akakimbia.

Ile aliyotaka kuitaja ilikuwa kichwani. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuiweka, na mimi nilikuwa nimefumba macho kama desturi yangu. Mdogo wangu akiwa ameshasinzia, aliilaza chini ya ngozi, juu ya sikio la kushoto, ndani ya nywele ambazo mdogo wangu hajazinyoa tangu augue. Aliiweka kushoto kwa kuwa ubongo wa upande wa kushoto ndio unaotawala mkono wa kulia. Mkandaji hapigi hesabu hizo. Kwa mkandaji mkono unaanzia begani. Wifi angefungwa kitambaa machoni asingeacha sindano hata moja kwenye mkono ule. Kichwani, tena upande usioumwa, hakufikiria hata kidogo.

Asubuhi kulikuwa na doa dogo la damu kwenye foronya. Mdogo wangu alipojichana, kitana kikakwama. Wifi akapapasa ndani ya nywele, akachomoa. Mke mwingine angepiga kelele za hofu. Yeye aliisogeza dirishani, akaitazama inavyometa, na uso wake wote ukang'aa.

"Nimempata," akasema.

"Wifi, lakini jana wewe..."

"Jana mimi nilitoa za mkono na mguu. Hii ya kichwani aliniambia nani? Amesahau chuma kwenye kichwa cha mume wangu! Leo ataondoka na trei yake."

Akaifunga kwenye leso, akavaa sare aliyoipiga pasi. Sikuwahi kumwona anakwenda kazini na furaha kama ile. Mdogo wangu na mimi tukafuata nyuma. Njiani nilijaribu tena kumweleza, akanyanyua mkono kunizuia.

Tuliingia ofisini kwa daktari mkuu, Mama Pini akaitwa naye akaja. Wifi akakunjua leso juu ya meza. Alizungumza vizuri, nasema kweli. Alitaja damu, akataja ubongo, akataja wajibu. Daktari akavua miwani, akaiinamia ile sindano. Akasema kwa kosa hili mtu anasimamishwa kazi, hana njia nyingine. Kisha akauliza, "Jana nani alitoa sindano?"

Hapo nikamwona wifi anapauka. Swali dogo namna hiyo hakuwa amejiuliza. Wivu ulimpeleka mbio mpaka mbele ya meza ile, na sasa ukamwacha amesimama peke yake. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema, tena kwa hamu.

"Nilitoa mimi," akasema Mama Pini.

"Wewe?" Daktari hakuamini. "Wewe unayewakumbusha wenzako kila siku?"

"Nilichoma mimi, nikatoa mimi, nikasahau moja."

Daktari akamwambia akusanye vifaa vyake, asirudi mpaka atakapoitwa. Akajibu, "Sawa, daktari," akatoka na vile viatu vyake visivyosikika.

Wifi alimkuta koridoni. "Kwa nini umesema vile? Nani amekutuma?"

Mama Pini akashusha begi. "Mama, mimi nabisha hodi tu. Ubongo ukishaitika, wa kuufundisha mkono kazi upya ni wewe, kwa kuurudia kila siku bila kuchoka. Na nyumba yenu inakutegemea wewe. Mimi nikikosekana, mzee wako atakosa usingizi. Wewe ukianza kuhangaika kutafuta kazi, ngumi itarudi. Nimeona bora niondoke mimi."

Ungetegemea wifi aangue kilio na kuomba radhi. Ndivyo ningefanya mimi. Yeye alisimama katikati ya korido, akanigeukia mimi kana kwamba yule mwingine hayupo.

"Wifi, umemsikia? Amenichukulia usingizi wa mume wangu. Amenichukulia kidole gumba. Leo amenichukulia mpaka kosa langu, na juu yake akajichukulia wema! Mimi nibaki na nini?"

"Ubaki na kazi," nikamwambia.

"Kazi ya kuachiwa! Kosa langu simwachii mtu."

Akarudi ofisini, hodi hakubisha. "Kosa ni langu hilo, daktari! Nilitoa mimi, kwa mikono hii hii. Huyu asijitie!" Wanaotubu huwa wanainamisha kichwa. Wifi alifoka kama mtu anayedai sufuria yake kwa jirani, na wagonjwa wote kwenye mabenchi wakasikia. Kabla ya chakula cha mchana yeye ndiye aliyesimamishwa kazi hadi mwisho wa mwezi, na Mama Pini akarudishiwa nusu yake ya chumba.

Mdogo wangu alikuwa ameyasikia yote. Jioni alikaa kwenye kiti chake cha sebuleni, wifi akatandika taulo mapajani, akaanza begani kama kawaida. Mimi nilikuwa mezani nachambua maharage. Alikanda kwa hasira, na mgonjwa aliuma kola.

"Kwa hiyo sindano uliiacha wewe," mdogo wangu akasema.

"Mimi. Haya, sema unachotaka kusema."

Kidole gumba kikajinyoosha, kikamgusa wifi kwenye kiganja. "Ndiyo maana. Jana usiku nimelala, mke wangu! Nilikuwa najiuliza usingizi ule umetoka wapi."

Viganja vikasimama. "Umelala kuliko zile siku za pazia?"

"Kuliko zote."

"Basi huo ni wangu."

"Wako."

"Wifi, umesikia?" akanipigia kelele, macho yamejaa machozi, na mikono ikarudi kazini taratibu, mpaka mdogo wangu akaiachia kola. "Huo usingizi ni wangu!"

Nilisikia. Ukuta kati ya chumba changu na chao ni mwembamba, na usiku ule wa sindano kichwani mdogo wangu hakupata hata lepe la usingizi. Alijikuna kichwa, akageuka, akaenda kunywa maji, akarudi, akajikuna tena mpaka kukapambazuka. Niliinamia maharage yangu nikaendelea kuchambua. Mtoto yule nimemlea tangu hajatembea, nimemuuguza surua, nimemsomesha. Amewahi kunidanganya kwa kuogopa fimbo, na amewahi kunidanganya kwa kutaka nauli. Uongo kama ule wa jioni ile hajanipa mimi hata siku moja.